Uingereza ya viwanda: utajiri ndio ulioleta afya?

Kidato_cha_Sita
Shikamooni wakubwa. Mwalimu wetu anasema Uingereza ya karne ya 19 ilipotajirika kwa viwanda, afya za watu zikaboreka zenyewe. Mbona nasoma kwamba mijini watu walikuwa wanakufa ovyo? Nina mtihani, naomba msaada.

BwanaAfya_Mstaafu
Marahaba mdogo wangu. Hazikuboreka zenyewe. Nimekagua vyoo na visima tangu ujana wangu, na sijaona mahali pesa ilipochimba mtaro bila mtu kuisukuma.

Chukua ripoti ya mwaka 1842 ya Edwin Chadwick, ofisa wa serikali aliyechunguza usafi wa makazi ya vibarua. Vibarua na mafundi wa Manchester, mji wa pamba, wastani wa umri wao wa kufa ulikuwa miaka 17. Vibarua wa Rutland, kwa wakulima huko, 38. Na mabwana wakubwa wa Manchester? 38 vilevile! Watoto wachanga ndio walioshusha wastani huo, lakini ndio hao hao waliokuwa wakizikwa. Mali ilikuwepo. Maji safi na mitaro ndivyo havikuwepo.

Chadwick mwenyewe aliamini harufu mbaya ndiyo inayoua. Basi mwaka 1848 na 1849 kinyesi cha London kikasukumwa kwa maji mpaka mto Thames, mto uleule waliokuwa wakinywa. Kipindupindu kikawafagia.

Mwaka 1854 daktari John Snow akafuatilia vifo vya kipindupindu vya Soho, eneo la London, hadi pampu moja ya maji ya mtaa wa Broad. Hapa nakuomba usome taratibu. Kiwanda cha bia kilikuwa palepale jirani, na wafanyakazi wake hawakufa: walikuwa na kisima chao na bia ya kunywa. Halafu kuna mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali kabisa, akafa, kwa sababu aliyapenda maji ya pampu ile na alikuwa akiletewa kila siku. Snow aligonga milango akauliza watu wanakunywa wapi. Huo ndio ukaguzi! Mpini wa pampu ukaondolewa.

Fedha kubwa zilitoka baada ya kiangazi cha 1858, Thames iliponuka hadi mapazia ya Bunge yakalowekwa dawa. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro mikuu ya kilomita 130 hivi.

Mwl_Neema
Usisahau sheria za afya ya umma. Ile ya 1848 iliachia miji mingi iamue yenyewe, na walipa kodi wengi wakakataa gharama. Ya 1875 ndiyo iliyolazimisha halmashauri kusimamia maji na majitaka. Liverpool haikusubiri: mwaka 1847 ilimwajiri Dkt. William Duncan kuwa mganga mkuu wa mji, wa kwanza nchini.

Kidato_cha_Sita
Asanteni sana. Tunajuaje kwamba mitaro ya Bazalgette ilisaidia kweli, si bahati tu?

BwanaAfya_Mstaafu
Swali zuri. Kipindupindu kilirudi mwaka 1866. Sehemu kubwa ya London ilikuwa imeshaungwa kwenye mitaro mipya, na huko madhara yalikuwa madogo. Mashariki ya jiji, kwenye bandari na makazi ya maskini, kazi ilikuwa haijakamilika, na kampuni ya maji ilikuwa imewapa maji yasiyochujwa kutoka bwawa la Old Ford. Watu zaidi ya 5,000 walikufa, wengi mno upande huo. Jiji moja, mwaka mmoja, ugonjwa mmoja. Anza jibu lako la mtihani na mwaka huo.