Mdogo wangu anataka kuhama mji tuliokulia, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu kamaliza chuo na ameshikilia kuhama. Nilidhani ni ajira tu, maana kwa fani yake waajiri hapa ni wachache na wote wanajuana. Kumbe kinachomchosha zaidi ni macho ya watu: kila anachofanya kinafika nyumbani kabla yake, na hata kwenye usaili bado anaitwa "mtoto wa fulani". Namwelewa kabisa. Ila kodi ya chumba atalipa na nini kabla hajapata kazi? Na wazazi umri umeenda. Mliohama mkiwa vijana, mlipata kazi kwanza au mlienda ndipo mkatafuta? Nimsaidieje bila kumvunja moyo?