Nimemaliza IS: nichukue kazi ya laki nne na nusu au niende masta?

Mtoa mada
Wakuu habari za jioni. Nimemaliza digrii ya mifumo ya taarifa, hii tunayoiita IS, hapa hapa Dar, GPA 3.6. Kuna kampuni Mikocheni niliyofanyia fildi, wamenipigia wanataka nianze kama mtu wa sapoti, mshahara laki nne na nusu. Wakati huo huo mjomba wangu kastaafu na amesema atanilipia masta mwaka huu, nikichelewa hela itakuwa imeshaingia kwenye nyumba. Mkopo wa bodi ninao. Naishi Mbezi kwa dada. Naomba mawazo, nipo njia panda kweli.

Mzee wa Seva
Dogo chukua kazi. Masta ya IS bila kazi unaenda kujadili mabadiliko ya mfumo kwenye taasisi wakati hujawahi kukaa hata na mhasibu mmoja anayegoma kuacha mafaili yake. Na tuambiane ukweli, IS yenyewe ni kozi ya waliokimbia hesabu, kuprogramu hamjui, mtandao hamjui, mnajua kuchora maboksi na mishale. Kazini ndo utajifunza.

Dada Databesi
Mzee wa Seva ungeishia sentensi ya pili ungekuwa umemsaidia mtoto wa watu. Maboksi na mishale? Ngoja nikupe kisa. Kuna duka la jumla Kariakoo, sabuni na mafuta ya kula, walitengenezewa mfumo na vijana wawili wa sayansi ya kompyuta, programu inakimbia haina tatizo, ila kila mwezi stoo haibalansi na mwenye duka ameshaanza kumshuku shemeji yake. Nikaitwa. Sikufungua hata laptopu, nikakaa kaunta kutwa nzima naangalia. Mteja anakuja anataka nusu katoni, mfumo unajua katoni tu, muuzaji anatoa mzigo anaandika kwenye daftari chini ya meza, nusu iliyobaki ikiuzwa ndo aingize katoni nzima. Sasa nusu iliyobaki inauzwa na mwenzake, na yeye anaingiza katoni nzima, jioni wa kwanza akifunga daftari lake anaingiza tena. Katoni moja imetoka mara mbili kwenye kompyuta! Programu haikuwa na kosa hata mstari mmoja. Kilichokosekana ni jedwali la vipimo, katoni hii ina pisi ngapi, stoo ihesabiwe kwa pisi basi. Shemeji wa watu alikuwa karibu afukuzwe. Hiyo ndo kazi ya IS.

Mzee wa Seva
Jedwali la vipimo linafundishwa kwenye databesi hata kwetu, hao vijana walikuwa wavivu, usiuhukumu uwanja mzima kwa wavivu wawili. Na hiyo mifumo mnayochora, seva ikizima saa nane usiku nani anaamka?

Dada Databesi
Nani amehukumu uwanja mzima hapa? Panda juu usome ulichoandika kuhusu IS. Na wale vijana hawakuwa wavivu, hakuna aliyewatuma kukaa kaunta, wamepewa kazi kwa simu wakaitengeneza kwa simu.

Kijana wa Tandika
Dada umenena. Mimi IS pia, kuprogramu nimejifunza mwenyewe kwa bando la usiku, asituambie mtu hatujui.

Mzee wa Seva
Umejifunza mwenyewe, kwa hiyo chuoni hawakukufundisha, si ndo nilichosema?

Mkaguzi wa Posta
Jamani kuna mtu ameuliza swali. Mtoa mada, masta unaitaka ya nini hasa? Kama unawaza kufundisha chuo kikuu, vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikitaka GPA 3.8 ya digrii ya kwanza, na ukitaka kuingia kama mhadhiri msaidizi unatakiwa na masta ya 4.0 juu yake. Una 3.6, hata upate masta ya 5.0 ile ya kwanza haibadiliki. Huo mlango utakusumbua sana, na ndo mlango mkubwa unaodai masta. Kama unawaza ukaguzi wa mifumo, huku tunaangalia CISA, cheti cha kimataifa cha wakaguzi wa mifumo, mtihani unaweza kuufanya hata sasa, dola 575 ukiwa mwanachama na 760 usipokuwa, ila cheti chenyewe hupewi mpaka uonyeshe uzoefu wa miaka 5, digrii inapunguza sehemu tu. Njia zote mbili kazi inatangulia. Na tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ianze kutumika Mei 2023, ofisi zinatafuta mtu anayeweza kukaa chini akaonyesha taarifa ya mteja inaingilia wapi, inakaa wapi, nani anaiona. Mtu wa sapoti anaviona hivyo kila siku.

Kijana wa Tandika
Mkaguzi unamwambia mwenye 3.6 kama vile amefeli. Hiyo ni upper second mkuu! Wengine tuna 2.9 tunasoma hapa kimya tunaumia.

Mkaguzi wa Posta
Hakuna aliyesema amefeli. Nimetaja kigezo.

Kijana wa Tandika
Vigezo ndo vinatumaliza. Nilienda usaili wa afisa TEHAMA daraja la pili, sifa yake digrii ya kwanza tu, ukumbi umefurika, kushoto kwangu kakaa jamaa ana masta, kulia dada ana masta na kozi fupi kibao, wote tunagombea kiti kile kile na mtihani ule ule. Jamaa ananiambia masta haijamuongezea hata alama moja. Sasa mtu akija na lugha ya milango nakosa uvumilivu.

Mama wa Mwenge
Kijana wangu pole, lakini hicho ulichosema ndo jibu alilolitafuta mwenzio na umelitoa kwa hasira. Mie nina swali kwa mtoa mada. Huyo mjomba hiyo nyumba imefika wapi?

Jioni Darasani
Kwa nini asifanye vyote? Kuna masta za jioni hapa mjini, mchana Mikocheni, saa kumi na moja unateremka Posta, saa mbili usiku umemaliza. Mimi ndo ninavyosoma.

Kijana wa Tandika
Halafu arudi Mbezi ipi saa hizo? Beach au ya Kimara?

Mtoa mada
Mbezi ya Kimara, ndani kidogo kuelekea Makabe.

Kijana wa Tandika
Sasa hiyo Mikocheni tu asubuhi anabadilisha gari, jioni aende Posta, usiku agombanie mwendokasi, afike Mbezi atafute bodaboda ya Makabe. Kesho saa mbili awe ofisini anapokea simu za watu wenye hasira. Jioni Darasani wewe unakaa wapi?

Jioni Darasani
Upanga.

Kijana wa Tandika
Nilijua.

Jioni Darasani
Kukaa Upanga si kosa. Nalipa ada mwenyewe.

Mhasibu
Tuongee namba maana naona laki nne na nusu inatajwa kama itafika nzima. Toa NSSF asilimia 10, 45,000. Inayobaki 405,000, kodi inaanza juu ya 270,000 kwa asilimia 8, hapo 10,800. Bodi ya mikopo wakishampata mwajiri wanakata.

Dada Databesi
Bodi si asilimia 8?

Mhasibu
Ilikuwa 8, sheria ikabadilishwa 2016 ikawa 15 ya mshahara wa msingi. Hapo ni 67,500. Mkononi 326,700. Nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi, chakula cha mchana, kitakachobaki hakilipi ada ya jioni. Kwa hiyo ushauri wa kufanya vyote unategemea hela ya mjomba ile ile.

Mtoa mada
Mama wa Mwenge, nyumba iko Chanika, imeishia kwenye linta. Mjomba alikuwa mwalimu. Ana watoto wawili bado wako sekondari. Yeye mwenyewe ndo amesema, sikumuomba.

Mama wa Mwenge
Mwanangu, kiinua mgongo cha mwalimu kinaingia mara moja. Kikitoka hakuna kingine, kinachobaki ni pensheni ya mwezi, na kwa pensheni hapandishi bati. Wewe una miaka ishirini na kitu, hiyo masta utaikuta.

Jioni Darasani
Mama usimpe dogo hatia. Mzee ameamua kwa akili zake na sisi tunamkatalia msaada wake.

Mama wa Mwenge
Simpi hatia. Nimeona wazee wanahamia nyumba bila madirisha, wameziba kwa mifuko ya saruji, mpwa ana vyeti viwili na yuko sebuleni anasubiri kuitwa kazini. Nimeona kwa macho yangu mtaani kwetu. Siwezi kunyamaza kwa sababu maneno yangu hayafurahishi.

Mzee wa Seva
Hapa mama namuunga mkono kwa asilimia zote.

Mhasibu
Mtoa mada hebu nijibu. Umesema wamekupigia. Mkataba umesaini?

Mtoa mada
Hapana. Wamesema nianze tu, tutaandikishana baada ya miezi mitatu wakiona naenda vizuri.

Mhasibu
Hapo ndo pa kushughulika sasa, masta iache kwanza. Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi unapoanza, cheo, mshahara, saa za kazi. Miezi ya majaribio inaandikwa humo humo kwenye mkataba, haiji kabla ya mkataba. Bila karatasi hata NSSF hutajua kama wanapeleka.

Dada Databesi
Na waandike "sapoti" maana yake nini. Sapoti ya mfumo gani, kwa wateja gani. La sivyo utajikuta unabadilisha wino wa printa ghorofa zote.

Mtoa mada
Nimemwandikia yule dada wa utawala sasa hivi. Kajibu nipite Alhamisi asubuhi tuongee na bosi. Mjomba sijampigia.

Mama wa Mwenge
Mpigie leo, kabla hajaenda benki.