Tunalipa ada ya maktaba kila muhula, na mlango wa maktaba una kufuli

Wazazi wenzangu wa Arua, hapa Uganda, na kwingineko, naandika nikiwa na hasira na sitaki hata ipoe. Kila ikipoa nasamehe, halafu muhula unaofuata nalipa tena.

Waraka wa ada wa shule anayosoma binti yangu una mstari mmoja: "Maktaba, 20,000". Jana usiku nimetoa risiti zangu zote kwenye bahasha, tangu alipoingia Senior One, yaani kidato cha kwanza, mpaka sasa yuko Senior Three muhula wa pili. Mstari ule upo kwenye kila risiti. Mihula minane, shilingi 160,000. Anasoma kutwa, kila jioni yuko nyumbani, na katika mihula hiyo minane hajawahi kurudi na kitabu cha maktaba. Hata kimoja!

Mngeniambia vitabu hakuna, ningenyamaza. Vipo. Nimeviona kwa macho yangu.

Ilianza na projekti. Wenye watoto sekondari mnajua mtaala huu ulioanza mwaka 2020. Mtoto hakariri tena daftari la mwalimu, anaambiwa nenda katafute, uliza, linganisha, andika ulichopata. Kazi hizo za shuleni zinabeba asilimia 20 ya alama za UCE, cheti cha kumaliza Senior Four, na mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, unabeba 80 zilizobaki. Mimi mtaala huu naupenda, nasema wazi. Lakini atafute wapi? Simu shuleni ni marufuku. Nyumbani simu kubwa ni moja, nami naondoka nayo alfajiri kwenda sokoni. Mahali palipowekwa kwa ajili ya kazi hiyo ni maktaba. Na watahiniwa wa kwanza wa mtaala huu walishafanya mtihani mwaka 2024, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba shule bado zinajipanga.

Binti yangu alichagua nyuki. Babu yake ana mizinga kijijini, na asali ya huku kwetu West Nile inatafutwa hadi Kampala. Akaenda maktaba mara ya kwanza, akaambiwa ni ya Senior Four tu, wana mtihani. Mara ya pili, mwenye ufunguo yuko darasani. Mara ya tatu akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka kengele ikalia. Tarehe ya kukusanya ikafika. Akaenda duka la fotokopi karibu na stendi, akatoa shilingi 5,000, kijana wa pale akamtolea kurasa nane kutoka intaneti.

Nilizisoma usiku. Ukurasa wa tano unaeleza namna ya kufunika mzinga ili nyuki wasife kwa theluji. Theluji, Arua! Na pembeni ya aya ile kuna tiki ya mwalimu, wino mwekundu. Mtoto kapewa alama kwa jambo asilolielewa, alilonunua, na mwalimu hakulisoma. Sikulala.

Asubuhi nikaenda shuleni. Namshukuru mkutubi, alinifungulia baada ya kunisikiliza, na nasema hapa kwamba sina neno na yeye. Mimi mwenyewe miaka ya tisini nilikuwa kiongozi wa maktaba shuleni kwetu, nilipanga vitabu kwa namba mpaka nikazijua kwa kichwa. Vitabu vya nyuki viko namba 638. Sikumwuliza mtu, nikaenda moja kwa moja kwenye rafu, nikapuliza vumbi. Vitabu viwili vya ufugaji nyuki, bega kwa bega. Kimoja kimeandikiwa wakulima wa Afrika Mashariki, kina michoro ya mizinga ya magogo kama ya baba mkwe wangu.

Nikafungua nyuma penye karatasi ya tarehe. Muhuri wa mwisho ni wa tarehe 16 Machi 2020. Wiki hiyohiyo shule zilifungwa kwa korona. Zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, na tangu wakati huo hakuna mtoto aliyepewa kile kitabu aende nacho nyumbani. Nikafungua cha pili, cha tatu, vya historia, vya biolojia, riwaya. Mihuri yote inaishia hapohapo, Machi 2020. Miaka hiyohiyo ambayo mtaala unamwambia mtoto atafiti, maktaba yake imefungwa.

Chini kwenye rafu ya mwisho mchwa wamepita. Nilivuta kitabu nikabaki na jalada mkononi. Kwenye kona kuna maboksi ya vitabu vya Kiswahili, bado yana utepe. Kiswahili ni somo la lazima Senior One na Senior Two, na watoto wanakaa sita kwenye kitabu kimoja darasani. Mimi ninayezungumza Kiswahili kutwa nzima sokoni, niliona uchungu kuyaangalia yale maboksi. Viti vimehamishiwa chumba cha walimu. Imebaki meza moja ndefu.

Nikaomba binti yangu aitwe. Nataka hapa mnisikilize vizuri, maana kuna watu wanadhani maktaba ni chumba cha kuhifadhi karatasi. Alikaa na kile kitabu dakika arobaini. Hakujua kwamba nyuma ya kitabu kuna faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake. Senior Three, na hakuna aliyewahi kumwonyesha! Nikamwonyesha, nikamwambia, babu analalamikia nini kila tukienda? Akasema, wale funza weupe wanaokula masega na kuacha utando kama wa buibui. Akatafuta neno "masega", likampeleka ukurasa, akasoma kimya, kisha akanishika mkono: "Mama, si funza wa kawaida. Ni watoto wa nondo. Wanaingia kwenye mzinga wenye nyuki wachache." Akachukua kalamu mwenyewe. Akafungua kitabu cha pili aone kama kinasema hivyohivyo. Akaandika jina la kitabu na ukurasa, kisha akaandika swali la kumwuliza babu yake: je, mizinga iliyoharibika ndiyo ile nyuki wake walikuwa wamepungua?

Huo ndio utafiti. Dakika arobaini, vitabu viwili, kalamu. Hakuhitaji kompyuta wala mfadhili kutoka nje.

Kengele ikalia, akaambiwa arudishe kitabu kwenye rafu. Nikaomba aazime kwa wiki moja, niache kitambulisho changu. Haikuwezekana.

Hapo ndipo nilipopelekwa kwa mwalimu wa taaluma. Akaniambia, "Mama, tukiwaachia watoto, vitabu vitaisha." Nikamjibu, "Mwalimu, vinaisha hivyohivyo, mchwa wanavila na hakuna aliyevisoma." Akanyamaza. Mkutubi alikuwa ameshanieleza kwa sauti ya chini kinachoendelea: kitabu kikipotea, thamani yake inakatwa kwenye mshahara wake. Alishakatwa. Na siku hiyohiyo anapangiwa kusimamia mitihani, kugawa chaki na kuandika ripoti za walimu. Sasa wewe ungekuwa yeye ungefungua? Umemfanya mtu mlinzi wa mali, halafu unashangaa ameweka kufuli. Shule ndiyo iliyotunga kanuni hiyo, na shule ndiyo ninayoilaumu.

Mwalimu mkuu alitutangazia mwenyewe kwenye mkutano kwamba shule ina watoto zaidi ya 900. Pigeni hesabu. 900 mara 20,000 ni shilingi milioni 18, kila muhula. Mle ndani sikuona hata balbu inayowaka. Dawa ya mchwa ni bei gani? Kitabu kikipotea, si hela hizo ndizo za kununulia kingine? Kwa nini ikatwe kwa mkutubi?

Ninachodai si kikubwa. Maktaba ifunguliwe saa ya chakula cha mchana na baada ya vipindi mpaka saa kumi na moja na nusu, kwa madarasa yote. Daftari la kuazima lirudi, mzazi atie sahihi na alipe kitabu kikipotea kwa mtoto wake, mimi niko tayari kuwa wa kwanza. Mkutubi aachwe afanye kazi yake. Maboksi yafunguliwe. Na tuonyeshwe kwa maandishi hela zimekwenda wapi.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu: kuna ndugu amesema watoto wa siku hizi hawapendi kusoma, wanataka simu tu, hata ukifungua hawataingia. Ndugu yangu, nilipotoka pale nilikuta watoto wanne wamesimama dirishani, wameweka viganja kwenye kioo, wanaangalia ndani. Mmoja, hata hajafika kimo cha kufuli, akaniuliza kwa adabu kama leo ni siku ya kufunguliwa. Sikuwa na la kumjibu.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi hii saa nne asubuhi. Wenye watoto pale mmeshajua ni shule gani, sihitaji kuitaja. Njooni na risiti zenu zote, hata zilizochanika. Mimi nitakuja na zile kurasa nane, na ule wa theluji nitausoma kwa sauti mbele ya bodi nzima.