Kiwanda kinasema si watu wake, wakala anasema yeye anatoa watu tu. Vibarua wa nguzo Mufindi tukiumia ni wa nani?

Wakuu, nimevumilia mpaka basi.

Niko Mafinga, yadi ya nguzo za umeme. Kiwanda hakijaniajiri. Mwajiri wangu ni wakala, mkataba wa miezi mitatu mitatu, na huyo bosi wa kwenye karatasi hajawahi kukanyaga yadi.

Wiki iliyopita gogo liliporomoka kutoka kwenye rundo likamponda mguu mwenzetu. Kavaa yeboyebo! Wa kiwanda wana buti zenye chuma mbele, sisi tunaambiwa "kadai kwa wakala wako". Ukimpigia wakala: "Vifaa ni vya kiwanda, mimi natoa watu tu." Anatoa watu, kama anakodisha matoroli.

Na dogo huyo aliyeumia aliletwa kupanga mbao. Asubuhi ile msimamizi wa zamu akamhamishia kwenye magogo kwa sababu watu walipungua. Hakuna aliyemwonyesha asimame wapi. Mafunzo yetu ni kusaini daftari getini.

Hela ya hospitali tumechanga wenyewe. Sasa anataka fidia ya WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, anapigwa danadana. Kiwanda: hayupo kwenye orodha yetu ya mishahara. Wakala: ajali haikutokea kwangu. Mchango wa WCF anaulipa mwajiri, mfanyakazi hakatwi, kwa hiyo hata ukiikodolea macho salary slip yako (sisi wengine hatuna hata hiyo) huwezi kujua kama jina lako lilipelekwa. Mimi nashuku halikupelekwa.

Halafu kuna dawa. Nguzo zinaingizwa kwenye tangi, zinashindiliwa kwa presha mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki, wakuu, sumu ile ile mnayoijua. Zikitoka zinatakiwa zikae mpaka dawa ishike kwenye mti ndipo zibebwe. Lori likishafika nani anangoja? Tunazibeba zinachuruzika maji ya kijani, glavu tumejinunulia sokoni, za kulimia bustani, zikilowa ndiyo zimelowa. Vidole vinapasuka, tunaambiwa ni baridi ya Mufindi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mtu apimwe afya kabla ya kuanza kazi, na apimwe tena kila baada ya muda. Mimi sijapimwa hata presha. Ukiuliza: "Kama huwezi, getini wamejaa." Na kweli wamejaa, ndiyo maana wanajibu hivyo.

Wanasheria na watu wa vyama vya wafanyakazi mliomo humu: fomu ya dogo ya kudai fidia inajazwa na nani, aliyesaini mkataba au aliyempangia kazi? Au anaweza kwenda WCF mwenyewe?

Na kama kuna mtu wa OSHA, wale wakaguzi wa serikali wa usalama na afya kazini, ofisi ya kanda yetu iko Mbeya pale, njooni. Ila msitoe taarifa kabla ya kuja. Mkitoa taarifa, siku hiyo sisi wa wakala tunaambiwa tusije kazini, na hatulipwi.