Madogo wa Kichina na kuficha hisia, wanaumia au ndo malezi?

Ticha_wa_Hangzhou:
Wakuu habari za jioni. Nafundisha twisheni ya Kiingereza huku China, madogo wa miaka 15, 16 hivi. Juzi wamerudishiwa mtihani, dogo mmoja ambaye huwa anaongoza kaanguka vibaya, nikamwona anaikunja karatasi mpaka imekuwa kidude kidogo anaitia kwenye mkebe wa kalamu, namuuliza vipi, ananijibu hamna shida ticha, na anacheka! Wenzake wanasema ukikasirika mbele za watu unaonekana mtoto. Chuo tulifundishwa kuzuia hisia kunaleta sonona, sasa hawa si watalipuka?

Mdadisi77:
Hayo ya chuo mengi yametoka kwa kina James Gross, mwanasaikolojia wa chuo cha Stanford Marekani, na waliopimwa wengi ni wanafunzi wa Kimarekani. 2011 mtafiti Soto na wenzake waliwalinganisha Wamarekani wenye asili ya Ulaya na Wachina wa Hong Kong. Kwa Wamarekani kuficha hisia kuliendana na huzuni na kutoridhika na maisha, kwa wale wa Hong Kong hawakukuta hivyo. Kule kutuliza uso ni kuwastahi watu, humtwishi mwenzio mzigo wako. Usimwonee huruma bure.

Mama Kijacho:
Mdadisi taratibu basi, hao wa Hong Kong walikuwa wanachuo, huyu ni mtoto na mbele yake kuna gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu ambao 2024 waliojiandikisha walikuwa milioni 13 na ushee, na mzazi kaweka matumaini yote hapo. Mi ningeangalia anaamini nini. Kuna utafiti wa Maya Tamir wa 2007, wanachuo walioingia mwaka wa kwanza wakiamini hisia hazibadiliki walimaliza mwaka wakiwa na hali mbaya kuliko wenzao, na marafiki wapya waliwaunga mkono kidogo. Sasa dogo anayenyamaza huku anajua kesho itapoa, na anayenyamaza kwa sababu ameshakata tamaa, usoni wote wanacheka vilevile.

Bwege_Mtozeni:
Kwani sisi je, mwanaume ukilia msibani si unaambiwa jikaze 😂

Ticha_wa_Hangzhou:
Mama Kijacho umenena. Ntamtafuta WeChat usiku akishatoka prepu, maana uso kwa uso huyu hasemi kitu.