"Mama, mtoto wako ni yupi?" Nimeulizwa hivyo kwa kipaza sauti, katikati ya wimbo wa taratibu

Mseja wa Walukuba (mleta uzi), Jumamosi, saa 5:40 usiku

Wadau, naandika nikiwa bado sijavua viatu, kwa sababu nikivivua nitatulia, na sitaki kutulia kabla sijalisema jambo hili.

Jina lake silitaji, kwani halina haja ya kutajwa. Kila aliyewahi kukanyaga ukumbi wa kanisa letu hapa Jinja anamjua: ni yule wa kipaza sauti, mwenye tai inayoishia juu ya kitovu, ambaye hata msibani huwaambia wafiwa wajipigie makofi. Huyo huyo. Leo ameniuliza mbele ya ukumbi mzima, "Mama, mtoto wako ni yupi?"

Tangazo lilisomwa Jumapili tatu mfululizo na nililisikia kwa masikio yangu mawili. Kutakuwa na dansi ya wasiooa na wasioolewa wote, kiingilio shilingi 10,000, chapati na soda humo humo. Neno lililotumika ni "wote". Halikufuatiwa na "walio chini ya miaka 30", wala "ambao magoti yao hayalii wakiinama". Sisi tuliozaliwa Walukuba, katika zile nyumba za wafanyakazi wa viwanda ambako Mluo, Msoga na Msamia walikutana wakakubaliana kugombana kwa Kiswahili, tunajua maana ya "wote". Mimi nina miaka 44, sijaolewa na sina mtoto, kwa hiyo nimo.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuapishwa. Ijumaa nilikaa kwa msusi saa nne nzima, nikipokea ushauri wa ndoa kutoka kwa binti aliyeachika mara mbili. Gomesi, lile vazi letu la heshima la akina mama, niliiacha kabatini kwa makusudi, kwa sababu ukiingia mahali umevaa gomesi watu hukutafutia kiti kabla hujasalimia. Nikavaa gauni la samawati linalofunika magoti, kama kanuni za kanisa zinavyotaka, na viatu vya kisigino ambavyo ndivyo hivi sijavivua. Dalili za balaa zilianza mlangoni. Binti wa tiketi, ambaye hawezi kuwa na zaidi ya miaka 19, alipiga magoti kunisalimia. Ni adabu yetu njema na sina ugomvi nayo, lakini mtu aliyekuja kucheza dansi hapigiwi magoti mlangoni. Kisha akanifunga utepe wa njano mkononi. Nikauona mzuri. Sikujua kwamba waliokuja kucheza walifungwa wa kijani, na kwamba njano ni ya wasimamizi.

Ukumbi wenyewe mnaujua. Taa zote zilikuwa zinawaka kama za chumba cha upasuaji, na muziki ulikuwa chini kiasi kwamba ungeweza kumsikia mtu wa ukuta wa pili akitafuna. Wavulana walijibandika ukuta wa kulia, wasichana wa kushoto, na katikati alikuwapo mzee mmoja wa kanisa akipima kwa macho kama kati ya kila wawili panapita Biblia, tena si ile ndogo ya mfukoni.

Basi ukaanza wimbo wa taratibu, rumba ya zamani ya Kongo, ile ambayo mtu hahitaji kuruka wala kujirusha. Upande wa pili alikuwapo bwana mmoja aliyevaa koti la kahawia, mwenye mvi za kiasi na viatu vilivyopigwa rangi. Akanitazama. Nikamtazama. Akaanza kuvuka ukumbi kuja upande wangu, hatua kwa hatua, na nawaapia kwamba alikuwa amebakiza hatua sita, nilizihesabu, wakati muziki ulipokatwa na sauti ikatoka ukutani, darini na chini ya sakafu kwa wakati mmoja: "Tunawashukuru wazazi waliowasindikiza vijana wetu. Wazazi, viti vyenu viko nyuma, karibu na jikoni. Na wewe mama wa gauni la samawati, mbona umesimama? Mtoto wako ni yupi?"

Sauti hiyo ilivuka daraja jipya la Nile ikasikika Njeru. Naamini wavuvi walisimamisha mitumbwi na kunitafutia mtoto.

Ukumbi mzima ukageuka, na sikupata jibu. Mtu ajibu nini? "Sina" ingekuwa kilio, na "wote ni wangu" ingekuwa wazimu. Kijana mmoja wa kwaya alileta kiti cha plastiki cha buluu, akakifuta kwa leso yake na kunikalisha kwa mikono miwili kama mgonjwa aliyetoka hospitali. Bwana wa koti la kahawia alikata kona pale pale, kwenye hatua ya sita, akapotelea upande wa chapati. Nikakaa. Nikaletewa soda iliyokwisha kufunguliwa, ili nisiumie meno. "Mama, mtoto wako ni yupi?" Kwa kipaza sauti! Angeweza kuninong'oneza. Angeweza kunitumia mtu. Ana miguu miwili mizima ambayo kila Jumapili humzungusha ukumbini akihesabu bahasha za sadaka, lakini leo ilimshinda kumfikisha kwangu.

Niliondoka bila kuaga, nikiwa nimebeba nilivyobeba. Hata bodaboda aliniongezea shilingi 1,000 ya mzigo, na hilo si la kuelezwa leo. Nauliza: mtu huyu nani alimpa kile kipaza sauti?

Kanzu Nyeupe, saa 5:52 usiku

Pole sana, dada yangu. Nimeusoma uzi wako mara mbili, na nimeona kwamba umeulizwa swali moja tu na mpaka sasa hujalijibu. Mtoto wako ni yupi?

Mseja wa Walukuba, saa 5:54 usiku

Kanzu Nyeupe, nilijua utakuja. Wewe na yule wa tai fupi mlinyonya ziwa moja.

Abiria wa Malaba, saa 6:03 usiku

Wakuu, suala hili lina upande wa kisheria ambao mleta uzi ameuruka. Kwa sheria ya Baraza la Taifa la Vijana la hapa Uganda, kijana ni mtu wa miaka 18 hadi 30. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, kijana ni yule aliyetimiza miaka 18 na hajafikisha 35. Mimi nina 34 na ninafanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani, kwa hiyo asubuhi nikiwa upande wetu ni mzee, saa nne nikivuka nakuwa kijana, na jioni ninarudi nyumbani nikiwa nimezeeka tena. Nikienda dansi upande wetu ninafungwa utepe wa njano, lakini nikivuka tu nina haki ya utepe wa kijani kwa miezi michache iliyobaki. Dada wa Walukuba, kwa masikitiko makubwa, miaka 44 haina mpaka wa kuvuka.

Fundi Mstaafu, saa 6:10 usiku

Naomba kusahihisha. Daraja jipya lina urefu wa mita 525, na ukumbi huo hauko ukingoni mwa mto, kwa hiyo sauti ya kipaza cha kanisa haiwezi kufika Njeru hata upepo ukisaidia. Pia, mleta uzi anaposema "daraja jipya" anajifichua. Lilifunguliwa mwaka 2018. Watoto wa siku hizi wanaliita daraja tu. Anayeliita jipya ni yule aliyezoea kupita juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Sisemi kwamba alihudhuria.

Mseja wa Walukuba, saa 6:12 usiku

Mwaka 1954 mama yangu alikuwa hajazaliwa! Nimekuja hapa na jeraha, mnanipima kwa mita. Nimeulizwa "mtoto wako ni yupi" nikiwa nimebakiza hatua sita, wadau. Sita.

Binti wa Bugembe, saa 6:20 usiku

Mimi nakuelewa kabisa, dada, ila wewe una nafuu kwa sababu umeulizwa mara moja tu. Mimi nina miaka 37, na kanisani kwetu kila wanaopanga ndoa wanapounda kamati ya harusi, jina langu huwa la kwanza kwenye orodha ya ahadi, eti kwa sababu sina majukumu. Nimechangia mahema, nimechangia keki, nimechangia hata mafuta ya gari la bwana harusi ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akinipigia simu usiku. Siku yenyewe ikifika ninawekwa meza ya watoto, niwakatie nyama. Mwaka huu nimewaambia kwamba sichangii tena hata shilingi mpaka mtu aniambie kamati yangu inakaa lini.

Mseja Mkongwe, saa 6:31 usiku

Nanyi kina dada mnasema kana kwamba sisi wanaume tunapata raha. Mimi nina miaka 51, na ninakwenda kwenye dansi hizi kwa sababu mchungaji alinifuata mpaka dukani kwangu. Tunakuwa wanaume wanne wa umri wetu, na akina mama wanajaza safu tatu za viti. Kanuni ni kwamba usimwache mtu amekaa, kwa hiyo mwezi uliopita nilicheza nyimbo kumi na moja bila kunywa maji, nikarudi nyumbani na mgongo wa mtu aliyeshusha saruji. Kesho yake dada zangu walinipigia simu kuniuliza nimechagua yupi. Ningemchagua saa ngapi, na mimi nilikuwa nahesabu nyimbo zilizobaki?

Mjukuu wa Mlokole, saa 6:38 usiku

Bibi yangu aliokoka katika ule uamsho wa miaka ya 1930, na kwake dansi na pombe vilikuwa katika kapu moja. Angesikia kwamba leo kanisa lenyewe linauza tiketi za kucheza rumba, kwanza angeuliza chapati zilipikwa kwa mafuta gani, kisha angetuombea mpaka asubuhi. Kwa hiyo mimi simlaumu aliyeuliza swali. Nawalaumu waliokata wimbo. Rumba haikatwi katikati, hata na asiyeokoka.

Koti la Kahawia, saa 6:45 usiku

Salaam kwenu nyote. Nimeletewa uzi huu na mpwa wangu. Naamini mimi ndiye bwana anayezungumziwa, ingawa koti langu ni la rangi ya udongo. Naomba kuweka kumbukumbu sawa kwa heshima zote: sikuwa nikimfuata dada. Ukumbi ule una mlango mmoja wa kwendea chooni, na mlango huo uko nyuma ya mahali alipokuwa amesimama. Nilimtazama kwa sababu alikuwa ameuziba. Wimbo ulipokatwa niliona aibu kupita mbele ya watu wote wanaotazama upande huo, nikaona bora nivumilie na nijishughulishe na chapati. Nikirudi safari nyingine nitaomba kucheza naye, kama hatasimama mlangoni.

Kanzu Nyeupe, saa 6:46 usiku

Wadau, naomba msimamizi asiufunge uzi huu kamwe.

Mseja wa Walukuba, saa 6:49 usiku

Hata kama alikuwa anakwenda chooni, angeweza kubadili nia njiani. Watu hubadili nia. Hatujui, na hatutajua, kwa sababu kipaza sauti kiliingilia kati.

Binti wa Bugembe, saa 6:53 usiku

Kwani hizo chapati zilikuwa ngapi? Mimi nilifika saa mbili na nusu nikapewa nusu chapati, nikaambiwa ndiyo mgawo. Kiingilio ni kile kile shilingi 10,000. Bwana wa koti, ulikula ngapi ulipokuwa unavumilia?

Koti la Kahawia, saa 6:55 usiku

Tatu. Nilikuwa na wasiwasi.

Mseja Mkongwe, saa 6:58 usiku

Tatu! Mimi niliyecheza kwa niaba ya wanaume wote wa Busoga nilipata soda ya uvuguvugu. Dansi ijayo nitakaa mlangoni mwa jikoni, na yeyote anayetaka kucheza nami atanikuta huko.

Mtunza Viti, saa 7:05 usiku

Habari za usiku. Naomba radhi kwa kuingilia mazungumzo ya chapati. Mimi ni katibu wa chama chetu cha mazishi, na ndio tulioazima kanisa viti vya jioni hii. Tulipeleka viti 60 vya buluu, na sasa hivi tumevihesabu mara tatu kwa tochi tukapata 59. Jumanne tuna msiba Mpumudde na hatuwezi kumsimamisha mfiwa. Aliyeondoka na kiti, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, tunaomba akirudishe kabla ya siku hiyo. Hatutauliza maswali.

Abiria wa Malaba, saa 7:07 usiku

Nani huyo anatoka kwenye dansi ya kanisa na kiti? Hata huku mpakani hatujafika huko.

Fundi Mstaafu, saa 7:09 usiku

Tusome tena aya ya mwisho ya mleta uzi, mahali bodaboda alipoongeza shilingi 1,000.

Mseja wa Walukuba, saa 7:16 usiku

Kiti kiko kwangu, nimekikalia hapa ninapoandika, na kwa kweli ni kizuri. Katibu, usijali, mfiwa wako atakaa. Lakini wewe usije. Mwambie yule aliyenielekeza nikikalie aje akichukue yeye mwenyewe, kwa miguu yake, na kipaza sauti akiache nyumbani.