Gundi ya viatu na ganzi ya miguu: utafiti wa panya unatuhusu?

FundiSoli: Wakuu, salaam. Mdogo wangu namfundisha kubandika soli. Siku hizi vidole vya miguu vinamfa ganzi, jioni anajikwaa pasipo na kitu. Kopo la gundi limeandikwa heksani, ile kemikali ya kuyeyushia gundi. Nikitafuta mtandaoni nakuta panya tu: panya walipooza, panya walilegea. Panya na mtu wapi na wapi?

DadaMaabara: Kaka, panya usiwadharau, mimi kazi yangu ni kuwatunza maabara. Ila kwenye hili watu ndio walitangulia. Miaka ya 1960 huko Japani, waliokuwa wakitengeneza ndala kwa gundi yenye heksani walianza kufa ganzi na kulegea miguu. Wanasayansi wakawavutisha panya mvuke wake, na wao miguu ya nyuma ikalegea. Panya wa namna hiyo huanza kwa kuyumba, mwishowe anaiburuta miguu ya nyuma huku ya mbele bado inamudu.

Ubaya wenyewe unatengenezwa mwilini. Ini hugeuza heksani kuwa heksanidioni, ambayo hung'ang'ania protini zilizo ndani ya nyuzi za fahamu hadi nyuzi zivimbe. Nyuzi ndefu ndizo huumia mapema, na za miguuni ni ndefu kuliko zote. Mdogo wako anaanzia vidoleni, si ndiyo? Panya dume wakipewa heksanidioni hata korodani hunywea, hilo mafundi hawapendi kulisikia.

Kobe_wa_Soko: Sisi gundi ikigoma tunaongeza thina, inalainika vizuri.

DadaMaabara: Soma kopo la thina pia. Ikiwa na methili ethili ketoni, acha kabisa. Yenyewe haipoozeshi, lakini panya waliovuta vyote viwili waliumia vibaya kuliko wa heksani peke yake.

FundiSoli: Dada asante. Anafunga kitambaa puani, hakisaidii?

DadaMaabara: Kinazuia vumbi, mvuke unapita. Mtoe kwenye gundi leo, umpeleke hospitali na umtaje daktari kemikali hiyo kwa jina. Wapime na sukari, maana nayo huleta ganzi. Kama ni heksani, kupona huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Na ganzi inaweza kuzidi kwa wiki kadhaa hata baada ya kuacha gundi, kwa hiyo msikimbilie kusema amerogwa.